Mkonga 1HZ haishiki asubuhi: taa ya hita inawaka, hita ni mpya, kinachotoka ni moshi mweupe tu

Kona57 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za majukumu. Naomba msaada kwa wanaojua umeme wa magari ya diseli.

Nina Land Cruiser mkonga (ile yenye bomba la kuvutia hewa lililopandishwa juu kando ya kioo), injini ya diseli 1HZ ya silinda sita, umeme wa volti 12, betri mbili zimefungwa chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Kazi yake ni viazi, Matamba kushuka Chimala. Tangu baridi ya Juni ianze, asubuhi ni vita. Nafungua swichi, taa ya hita (vile vijiti vya umeme vinavyopasha moto ndani ya injini kabla ya kuwasha, glow plug) inawaka halafu inazima yenyewe kama kawaida. Napiga starta, injini inazunguka vizuri kabisa, ila haishiki. Inatoa moshi mweupe wenye harufu ya diseli mbichi. Inakohoa kwa silinda moja mbili, inazima. Mwisho wa yote tunaisukuma au tunaiachia mteremkoni.

Kinachonishangaza ni hiki: nikilala Chimala, asubuhi inashika kwa starta moja. Na ikishapata moto, popote pale ni kugusa tu.

Fundi wa hapa alibadili hita zote sita. Hali ni ileile. Sasa anasema tushushe silinda hedi tuangalie ndani. Kabla sijakubali nimeona niulete kwenu.

mzee_wa_diseli

Pole kijana wangu. Magari hayo tumeyaendesha Makambako–Songea enzi ambazo wewe labda hujazaliwa. Dawa ni mbili. Ya kwanza, tambara lenye petroli kidogo mdomoni mwa mkonga, mtu apige starta, inashika. Ya pili, mwambie fundi akuwekee swichi ya kubonyeza, umeme utoke betri moja kwa moja uende kwenye hita. Unabonyeza, unahesabu mpaka ishirini, unapiga starta. Hizo taima za Wajapani ni za kuwachanganya watu.

Mtoto_wa_Gereji

Mimi niko na fundi wako. Ringi za pistoni zikichoka kompresheni (mshindilio wa hewa ndani ya silinda) inashuka, moshi mweupe ndio huo. Na 1HZ za viazi tunazijua zinavyobebeshwa. Hedi ishuke tu.

FundiWaya

Kona57, acha hedi mahali pake kwanza. Mtoto_wa_Gereji hajakosea kwamba kompresheni ikishuka unapata dalili hizihizi, lakini kupima umeme wa hita ni kazi ya nusu saa kwa mita ya bei rahisi, na kushusha hedi ni gasketi, boliti na siku za gari kulala. Huanzi na kilicho ghali.

Dalili zako zimeshajibu nusu ya swali. Moshi mweupe wenye harufu ya diseli maana yake mafuta yanafika na yanapulizwa, ila hayaungui. Ingekuwa hewa kwenye laini, au ile solinoidi ya kuzimia kwenye pampu (vali ya umeme inayokata mafuta) imekufa, ungepiga starta mpaka uchoke na ekzosi ingebaki safi. Starta inazunguka kwa kasi, kwa hiyo betri zina nguvu. Ikiwa ya moto inashika kwa kugusa. Kinachokosekana ni joto la kuanzia.

1HZ haipulizi diseli moja kwa moja juu ya pistoni. Inapuliza kwenye kijichemba kilichochongwa ndani ya hedi. Chuma cha kijichemba hicho kikiwa baridi kinanyonya joto la hewa iliyoshindiliwa, ndiyo sababu injini za namna hii zinazitegemea hita kuliko zile zinazopuliza moja kwa moja. Diseli inahitaji nyuzi kama 210 za Selsiasi kujiwasha. Ncha ya hita nzima inapita nyuzi 800. Na huko kwenu juu kuna mambo mawili: baridi yenyewe, na hewa nyepesi ya mwinuko ambayo joto lake linapotea upesi kwenye chuma. Chimala iko bondeni, kuna joto, injini inajikongoja na kushika hata hita zikiwa zinafanya kazi nusunusu. Wenzetu wa Dar wanaweza kuendesha mwaka mzima na hita tatu zimekufa wasijue.

Sasa taa ya dashibodi. Kwenye Toyota nyingi za zamani taa ile inaendeshwa na taima. Ikizima inakuambia taima imemaliza kuhesabu, basi. Haina habari kama hita imepata moto. Rilei (swichi ambayo koili yake ndogo ikipata umeme inagusanisha shaba mbili zipitishe umeme mkubwa wa hita) nayo ikilia "tak" inakuambia koili yake ndogo imevuta. Kama zile shaba mbili za ndani zimegusana sawasawa, hilo mlio hauwezi kukuambia.

Fanya hivi kesho asubuhi kabla hujaigusa starta, injini ikiwa baridi kabisa. Tafuta mita ya dijitali na mtu wa kukufungulia swichi. Vua pete na saa ya chuma, maana ule ukanda wa chuma unaounganisha hita zote sita uko wazi, na spana ikiugusa pamoja na bodi utaona cheche ambazo hukuzitaka.

Weka mita kwenye volti DC. Waya mwekundu wa mita kwenye ukanda wa hita, mweusi kwenye chuma kitupu cha injini. Nasema injini, si hasi ya betri. Mwenzako afungue swichi, soma namba ndani ya sekunde chache za mwanzo, kisha pima betri yenyewe hita zikiwa bado zinavuta. Ukikuta sifuri kwenye ukanda, umeme haufiki kabisa: tafuta fyuzi kubwa, rilei, taima. Ukikuta volti sawasawa na betri na betri haijatikisika hata kidogo, umeme unafika lakini hakuna anayeunywa: hita zimekatika ndani au nati za ukanda hazikazi. Ukikuta namba iko chini sana ya betri, umeme unaliwa njiani.

Kama ni hilo la tatu, usianze kufungua vitu. Pima njia yenyewe vipande vipande, hita zikiwa zinavuta. Kutoka nguzo ya chanya ya betri hadi boliti ya kuingia ya rilei. Kutoka boliti ya kuingia hadi ya kutoka. Kutoka rilei hadi kwenye ukanda. Halafu kutoka chuma cha injini hadi nguzo ya hasi. Kila kipande kinatakiwa kisome volti sifuri nukta ngapi hivi. Jumla ya vipande vyote ikizidi volti 1, kuna mwizi. Ulete namba hapa.

Na mzee wangu mzee_wa_diseli, shikamoo. Hilo la petroli naomba tulizungumze. Mvuke wa petroli ukivutwa ndani halafu ukutane na ncha ya nyuzi 800, unalipuka wakati wake wenyewe, pistoni ikiwa bado inapanda. Ringi zinavunjika, ncha za hita zinavunjika zinaangukia ndani, na moto unaweza kurudi kwa mdomo wa mkonga kumfuata aliyeshika tambara. Zile dawa za kopo za kupuliza kwenye hewa ni yaleyale. Gari yenye hita zinazofanya kazi haiwekewi.

mzee_wa_diseli

Marahaba. Sisi tulikuwa tunafanya na magari yanafika. Lakini endelea, nasoma.

Hamsini_Tani

Kona57 nikuongezee jambo moja nje ya hita. Hiyo ya kuiachia mteremkoni huko kwenye kona 57 za barabara yenu ya Matamba–Chimala iache kabisa. Breki za gari hiyo zinasaidiwa na pampu ya vakyumu inayozungushwa na injini. Injini ikiwa imezima unabaki na akiba ya kukanyaga mara chache tu, baadaye pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Usukani wa pawa nao unakufa. Ukiwa na mzigo wa viazi nyuma na haikushika kona ya kwanza, ya pili hufiki.

Kinangop_4x4

Wadau wa Tanzania, nawasalimu kutoka Kinangop, Kenya, huku baridi tunaijua. Yangu ni Hilux ya zamani, injini 2L, na ningependa kuongezea kitu kilichonisumbua mwaka jana.

Gari yangu ina rilei mbili za hita. Ya kwanza inatuma umeme wote wa betri kwa hita ambazo zimeandikwa volti 6. Volti 12 kwa hita ya volti 6, ndio ziive kwa sekunde chache. Halafu hiyo rilei inakata, na ya pili inaendelea kulisha hita polepole kupitia resista (kipunguza umeme), hadi injini itulie. Makanika mmoja alinifungia hita za volti 12 akisema ni bora zaidi. Zikawa hazipati moto, kwa sababu taima inakata ikidhani zimeshaiva. Kila kitu kilikuwa kinapimika sawa. Volti ziko, hita hazijakatika, rilei ziko sawa. Gari haiwaki.

Jirani yangu naye alipatwa na kinyume. Hita za volti 6, makanika akaweka kibonyezo cha moja kwa moja kama hicho anachosema mzee. Kijana wake akashikilia kibonyezo akiongea na simu. Hita zote nne zikaenda, na mbili zikavimba ncha zikakataa kutoka.

Kwa hivyo soma maandishi kwenye mwili wa hita kabla ya kulaumu waya.

Dada_wa_Spea

Kinangop_4x4 asante, hilo mngelisema kila siku. Nauza spea za diseli, na wateja wengi wanaomba "hita za mkonga" kisha wanashangaa nikiwauliza volti ngapi.

Magari ya hapa na yale yaliyokuja kwa mashirika mara nyingi ni volti 12. Lakini mikonga mingi iliyotumika Japani ilitoka kiwandani na umeme wa volti 24, betri mbili zimefungwa kwa mfululizo, chanya ya moja kwa hasi ya nyingine. Ukifungua boneti ukaona betri mbili, hujajua chochote bado. Fuata nyaya uone zimeunganishwaje, au pima kutoka chanya ya mwisho hadi hasi ya mwisho. Hita ya gari la volti 24 ukiifunga kwenye gari la volti 12, inapata vuguvugu tu. Ya 12 kwenye 24, unaiunguza siku hiyohiyo.

Kwenye hita utakuta imegongwa 11V, na watu wanarudi wakisema nimewauzia isiyo yake. Hiyo ndiyo ya gari la volti 12. Betri ikivutwa na hita sita haibaki 12.

Na njooni na hita ya zamani mkononi tulinganishe urefu wa ncha. Uzi wa kukazia unaweza kufanana kabisa na ncha ikawa ndefu zaidi ya inavyotakiwa, ikasimama katikati ya njia ya nozeli inayopuliza diseli, ikaliwa na moto wa diseli.

Kona57

Wakuu nimerudi. Asubuhi kulikuwa na sakitu kwenye majani, kwa hiyo baridi ya kupimia ilikuwepo ya kutosha. Zangu zimegongwa 11V, na betri zimefungwa sambamba, nimehakikisha.

Hizi ndizo namba, hita zikiwa zinavuta:

Betri: 12.1
Ukanda wa hita hadi injini: 7.9
Chanya ya betri hadi rilei inapoingia: 0.9
Rilei, kuingia hadi kutoka: 2.6
Rilei hadi ukanda: 0.6
Injini hadi hasi ya betri: 0.1

Kitu kingine, nilipoishika rilei baada ya kupima mara kadhaa ilikuwa moto kama pasi, na kuna harufu ya plastiki. Upande mmoja wa kifuniko chake umegeuka rangi ukawa wa kahawia.

FundiWaya

Safi sana, namba zako zinajumlika zenyewe: 0.9 na 2.6 na 0.6 na 0.1 ni 4.2, na 12.1 ukitoa 7.9 ni 4.2. Hakuna kilichojificha.

Hita ya volti 11 inapata volti 7.9. Nguvu ya joto inakwenda na volti kuzidisha volti zenyewe, kwa hiyo 7.9 haikupi robo tatu ya joto, inakupa kama nusu. Hita zako mpya zinafika uwekundu wa giza wakati taima imeshazima taa na kukuambia nenda. Hata ungefunga hita za dhahabu ingekuwa hivyo.

Mwizi mkubwa ni rilei. Shaba zake za ndani zimeungua, zinagusana kwa kipande kidogo. Chukulia hita zinavuta ampia 50, 2.6 mara 50 ni wati 130 zinazoungulia ndani ya kile kiboksi. Ndiyo harufu yako ya plastiki.

Na hapa ndipo mafundi wengi wanapokwama. Gawanya 2.6 kwa 50: shaba hizo zina upinzani wa kama ohm 0.05. Mita ya kawaida ukiiweka kwenye ohm haiwezi kuuona, nyaya zake zenyewe tu zina 0.2 au 0.3. Ukipima rilei mezani utaambiwa iko sawa. Ukipima kwa taa ya testa itawaka vizuri, maana testa haivuti hata ampia moja. Hasara hii inaonekana mzigo ukiwa unapita, vinginevyo haionekani. Kwa hiyo fundi wako huenda alipima, akaona umeme upo, akahukumu hita.

Athi yako, yaani njia ya umeme kurudi kutoka injini hadi hasi ya betri, ni 0.1, nzuri. Nilitegemea hivyo, kwa sababu starta inarudisha umeme wake kupitia chuma hichohicho cha injini, na inavuta mara kadhaa ya hita. Athi ingekuwa mbovu, starta ingekuwa ya kwanza kulia.

Zile 0.9 za kutoka betri hadi rilei usiziache. Angalia ile fyuzi kubwa ya kufungwa kwa boliti, na kichwa cha waya kwenye kibanio cha betri. Unga wa kijani au mweupe, boliti iliyolegea, kimoja kati ya hivyo. Na kipande cha rilei hadi ukanda, vuta kichwa cha waya uone kama nyuzi zimekatika pale kilipobanwa.

Kabla hujafunga rilei mpya, toa hasi za betri, fungua nati za ukanda uutoe, upime kila hita peke yake. Sasa tumia ohm. Kwanza gusanisha ncha za mita zenyewe, uone inasoma ngapi, hiyo utaitoa kwenye kila jibu. Hita baridi ya volti 11 inatakiwa ibaki na ohm moja hivi, chini yake kidogo au juu yake kidogo. Isiyosoma kitu imekatika. Ukiona moja iko mbali na wenzake, weka alama.

Mbeya_Prado

Samahani kuingilia uzi wa mwenyewe. Yangu taa ya hita inawaka kufumba na kufumbua, asubuhi na baridi yote ya Uyole. Kusubiri hakuna maana maana imeshazima. Nikifungua na kufunga swichi mara tatu nne ndipo inashika. Hiyo nayo ni rilei?

FundiWaya

Hapana mkuu, wewe ni kinyume. Rilei yako huenda ni nzima, ila anayeiamuru anaamini injini ina moto. Angalia sensa ya joto la maji, na si ile ya geji ya dashibodi, ni ile ya kompyuta au taima. Mara nyingi ni mbili tofauti. Sensa hizi upinzani wake unashuka joto likipanda. Nyingi za Toyota kwenye nyuzi 20 zinasoma kati ya ohm 2,000 na 3,000, na injini ikiwa ya moto zinashuka hadi mia chache. Injini ikiwa baridi na sensa inasoma ohm 300, ndiyo inayodanganya. Jaribio la haraka: chomoa soketi ya sensa asubuhi, fungua swichi. Katika mifumo mingi waya uliokatika unasomwa kama baridi kali, taa itakaa muda mrefu. Ikikaa, umeshampata. Ikibaki vilevile, angalia waya wa sensa kama umechubuka na kugusa bodi.

mzee_wa_diseli

FundiWaya, nakusikiliza vizuri. Sasa niambie, swichi yangu ya kubonyeza ina kosa gani? Yangu ina miaka na haijaunguza kitu.

FundiWaya

Mzee, kibonyezo chenyewe hakina kosa. Mahali pengine taima imekufa, mpya haipatikani, na kibonyezo ndicho kinachofanya gari iende shamba. Ninachopinga ni namna kinavyofungwa. Umeme wa hita wa ampia 50, 60 usipite kwenye swichi ya dashibodi. Ile swichi ni ya taa. Kibonyezo kiamuru koili ya rilei, rilei ndiyo ibebe mzigo. Kiwe cha kurudi chenyewe ukikiachia, kisiwe cha kubofya kikabaki. Na hizo ishirini zako, kwa mkonga wenye hita za volti 11 zinaweza kupita, kwa Hilux ya Kinangop zingeacha majivu.

Halafu naona watu wanafunga zile rilei ndogo za mraba za taa na honi, zimeandikwa 30A au 40A. Kwa hita nne au sita hazifai. Zinafanya kazi wiki kadhaa, shaba zinaungua, unarudi alipo Kona57. Au mbaya zaidi shaba zinagandana.

mzee_wa_diseli

Yangu ni ya kurudi yenyewe. Na rilei ilitolewa kwenye lori. Basi nimepona.

Kona57

Wakuu, nimemaliza leo.

Hita tano zilisoma kati ya 0.9 na 1.1 baada ya kutoa ya nyaya. Ya nne kutoka mbele haikusoma kitu, na ni mpya. Tulipoiangalia, kile kijiti cha katikati kinachokazwa nati kinazunguka kwa vidole. Nati ilikazwa mpaka kijiti kikakatika kwa ndani. Tumeweka nyingine. Dada_wa_Spea, kwa mtu anayefunga mwenyewe, inakazwa kiasi gani?

Ile fyuzi kubwa boliti yake moja ilikuwa imelegea na chini yake kumejaa unga wa kijani. Tumesugua kwa msasa. Waya wa kutoka rilei hadi ukanda, ulipobanwa kwenye kichwa nyuzi kama nusu zilikuwa zimekatika. Tumekata, tumeweka kichwa kipya cha kubanwa kwa koleo lake. Rilei tumeifungua kwa udadisi: shaba moja ina shimo, nyingine ina kigaga cheusi. Nimepata nyingine ya hita yenyewe, imetoka kwenye mkonga uliokatwa, nimeipima kwanza mzigo ukiwa unapita, kama ulivyosema.

Namba mpya: betri 11.8, ukanda 11.2. Betri imeshuka zaidi ya mwanzo, nadhani ni kwa sababu sasa zote sita zinakunywa. Imeshika kwa starta ya kwanza, imemisi kidogo sekunde chache, moshi umekatika.

Dada_wa_Spea

Hongera kaka. Kile kijiti cha juu kinakazwa kidogo sana, nyutoni mita 1 hadi 2 hivi. Kwa spana namba 8 ni kukaza kwa vidole viwili, siyo kwa mkono mzima. Mwili wa hita wenye uzi wa milimita 10 ni 15 hadi 20. Kwenye uzi usipake grisi ya kawaida wala gundi ya boliti, maana hita inarudisha umeme kupitia uzi huohuo.

Mtoto_wa_Gereji

Mimi swali la kutoa. Nina moja imegoma, nikiongeza nguvu naona itakatika. Mbinu?

FundiWaya

Acha kuongeza nguvu. Puliza mafuta ya kulegeza kutu shinani, iache ilale usiku. Kesho washa injini ipate moto kabisa, zima, toa ikiwa bado ya moto. Legeza robo mzunguko, rudisha, legeza tena, ongeza mafuta. Ukipita nyutoni mita 35 kwenye uzi wa milimita 10 uko kwenye eneo la kukatika. Kama uzi umelegea wote lakini hita haitoki, ncha imevimba ndani. Usiivute kwa nguvu, maana ncha ikibaki itaangukia kwenye kijichemba, na hapo sasa hedi itashuka kweli. Ncha inavimba ama kwa volti kubwa kuliko zake, ama rilei iliyoganda, ama nozeli inayochuruzika. Ukiitoa, tafuta ni lipi, usifunge mpya tu.

Kinangop_4x4

Hiyo rilei iliyoganda unaijuaje kabla haijakula hita?

FundiWaya

Injini ikishashika na kupata moto, pima ukanda wa hita. Magari mengine yanaendelea kulisha hita kwa dakika chache baada ya kuwaka, hilo ni la kawaida. Lakini injini ikiwa na moto wake kamili ukanda lazima usome sifuri. Pima tena swichi ikiwa imefungwa na ufunguo uko mfukoni. Ukikuta volti 12, rilei imeganda. Toa hasi ya betri mara moja, usisubiri kesho.

Kona57

Nimepima sasa hivi, nimerudi kutoka Chimala. Injini inawaka, ukanda sifuri. Nimezima, sifuri.